Kanuni ya Saini: Pembetatu Moja au Mbili?

Swali likikupa pande mbili na pembe isiyo kati yake, usiridhike na jibu la kwanza. Nusu ya alama huweza kupotea hapa.

Mfano: Katika pembetatu ABC, pembe A = 30°, a = sm 5 na b = sm 8. Tafuta pembe B na upande c. (Upande a hukabili pembe A, b hukabili B, c hukabili C.)

a ÷ sin A = b ÷ sin B
sin B = (8 × sin 30°) ÷ 5 = 0.8

Kikokotoo kitaonyesha 53.1°. Hakijakosea, ila hakijamaliza kazi. Saini ya pembe yoyote ni sawa na saini ya 180° ukitoa pembe hiyo, hivyo B yaweza pia kuwa 126.9°. Jumlisha na 30°: unapata 156.9°. Haijafika 180°, kwa hiyo pembe C bado ina nafasi. Pembetatu ni mbili.

Huamini? Chora AC ya sm 8 na mstari mrefu kutoka A kwa pembe ya 30°. Weka bikari kwenye C, nusu kipenyo sm 5, uchore tao. Litaukata mstari huo mara mbili.

c = 5 × sin C ÷ sin 30° = 10 × sin C
B = 53.1°: C = 96.9°, c = sm 9.9
B = 126.9°: C = 23.1°, c = sm 3.9

Sasa badili a iwe sm 9. B ni 26.4° au 153.6°; lakini 153.6° + 30° yazidi 180°. Hiyo ikatae, na uandike sababu.