Rampu Moja Haimfikishi Mtu Muhimbili

Mji ukitaka kuonyesha kwamba unawajali watu wenye ulemavu, hupiga picha ya rampu. Jengo jipya limefunguliwa, pembeni mwa ngazi pana mteremko wa zege wenye vyuma vya kushikilia, na kwenye taarifa ya mradi alama ya vema imeshawekwa. Hakuna ubaya katika rampu. Tatizo liko kwenye kipimo: tunahesabu vitu vilivyojengwa, ilhali mwenye ulemavu, kama mtu mwingine yeyote, hatoki nyumbani kwa ajili ya kitu kimoja, anatoka kwa ajili ya safari. Anayekwenda hospitali ya Muhimbili kutoka Manzese, jijini Dar es Salaam, kwa kiti cha magurudumu lazima atoke uchochoroni, avuke mtaro, apate njia ya pembeni, avuke barabara ya Morogoro, apande hadi kituoni, apite getini, aingie kwenye basi, ashuke, apate njia au usafiri mwingine hadi hospitali, kisha aingie kwenye jengo analolitafuta. Hizo ni hatua kumi. Tisa zikiwa nzuri kabisa na moja haipitiki, safari haipo.

Hesabu yake ni ya darasani. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kila hatua inapitika siku tisa kati ya kumi. Siku ya kumi mtaro umefurika, gari limeegeshwa juu ya njia, au lifti imeharibika. Hatua yoyote kati ya hizo ikipimwa peke yake itapata alama za juu. Lakini ili mgonjwa afike, zote kumi zinatakiwa zikubali siku moja, na uwezekano huo ni 0.9 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mpaka zitimie kumi: takriban asilimia 35. Akitaka na kurudi nyumbani, asilimia 12. Mtaalamu wa takwimu atapinga, na ana haki, kwamba vikwazo hivi havitokei kila kimoja kivyake. Mvua huharibu hatua nne kwa mpigo na siku ya jua huziponya zote, kwa hiyo siku njema zitakuwa nyingi kuliko hesabu hii inavyodai. Sawa. Bado safari haiwezi kuwa bora kuliko hatua yake mbovu kuliko zote. Na kuna funzo la pesa hapa: ukichukua hatua iliyokwisha kufikia 0.9 ukaifanya kamilifu, safari nzima inapanda kutoka asilimia 35 hadi 39 tu. Ukichukua ile iliyokuwa 0.1 ukaifikisha 0.9, umeongeza safari zinazowezekana mara tisa. Miji yetu mara nyingi hufanya kinyume, ikang'arisha palipokwisha kung'aa.

Mfumo wa mabasi ya mwendokasi wa Dar es Salaam, ulioanza kubeba abiria mwaka 2016, unaonyesha vizuri jambo hili. Katika kituo chake jukwaa limeinuliwa likalingana na sakafu ya basi, hivyo abiria anaingia bila kupanda hata kidato kimoja. Anayejua mlango wa daladala ulivyo, na haraka ya konda wake, ataona ukubwa wa mabadiliko hayo. Mwaka 2018 mji huo ulipata Tuzo ya Usafiri Endelevu, wa kwanza Afrika kuipata. Lakini hata hatua hii iliyotatuliwa kihandisi inaishi kwa uangalifu wa kila siku. Magurudumu ya mbele ya kiti ni madogo, mengi yana kipenyo kisichozidi sentimita 20, na pengo pana kati ya basi na jukwaa linatosha kulinasa moja. Dereva akisimama kiganja kimoja mbali zaidi, uhandisi wote wa jukwaa umepotea kwa abiria huyo. Kwa hiyo mafunzo ya dereva ni sehemu ya miundombinu sawasawa na zege.

Nje ya kituo, fizikia inakuwa kali zaidi. Mtu na kiti chake wakiwa na uzito wa kilo 100, kwenye sakafu ngumu iliyo sawa anahitaji kusukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo moja na nusu hivi. Kwenye mteremko wa moja kwa kumi na mbili, yaani kupanda mita 1 kwa kila mita 12 za mwendo, kipimo kinachotumiwa na nchi nyingi kama kikomo, zinaongezeka kilo 8. Fundi akibana nafasi akajenga moja kwa sita, zinaongezeka zaidi ya 16, na hapo kiti chenyewe kinaanza kutaka kupinduka kinyumenyume. Ndiyo maana rampu fupi na kali haiwezi kuitwa rampu iliyopungua ubora. Kwa anayejisukuma mwenyewe ni ukuta. Na wala mwinamo si adui mkubwa wa miji ya pwani. Mchanga mkavu, magurudumu yanapozama, unaweza kudai nguvu mara kumi au zaidi ya ile ya sakafu ngumu, hata pasipo kilima chochote. Njia nyembamba ya zege au matofali juu ya mchanga wa mtaani inaweza kumsaidia mtu kuliko rampu ya marumaru mjini, ingawa haivutii mpiga picha.

Daraja la waenda kwa miguu nalo linastahili kupigiwa hesabu kabla ya kusifiwa. Likiinuliwa mita 5.5 ili malori yapite chini, mteremko wa moja kwa kumi na mbili unadai mita 66 kila upande, mbali na sehemu za kupumzikia. Mtu atasafiri zaidi ya mita 130 kupanda na kushuka ili avuke barabara ambayo kwa chini pengine ni mita 30. Kwenye barabara ya kasi kama ile ya Thika jijini Nairobi, daraja linaeleweka, maana gari halitasimama kirahisi. Kwenye barabara ya katikati ya mji, kivuko cha chini chenye taa na tuta kinamhudumia mwenye ulemavu vizuri zaidi, na gharama tunaihamishia kwa dereva, anayepoteza sekunde chache badala ya mtu kupoteza nguvu zake zote.

Si miili yote inayozuiwa na ngazi. Mwaka 1967, mjini Okayama nchini Japani, Seiichi Miyake aliweka barabarani vigae vyenye alama za kuhisiwa kwa mguu na kwa fimbo nyeupe. Mfumo huo, ambao leo uko kwenye vituo vya treni na vya mabasi duniani kote, una alfabeti ya herufi mbili tu: mistari inasema endelea, vinundu vinasema simama, kuna jambo mbele. Ufupi huo ndio nguvu yake, na ndio udhaifu wake pia, kwa sababu kigae kilichopangwa na fundi asiyejua maana yake, akakiona kama urembo, kinamwelekeza asiyeona kwenye nguzo. Hapa inafaa kumkumbuka konda wa daladala. Kelele zake za kutaja vituo, ambazo wengi wetu tunazilalamikia, ni huduma kamili kwa asiyeona. Basi la kisasa likija kimya, bila spika inayotaja kituo, limemnyang'anya kitu alichokuwa nacho. Na spika bila maandishi inamwacha kiziwi. Habari yoyote ya safari inapaswa kupitia milango miwili ya fahamu, macho na masikio, au masikio na vidole.

Pingamizi linalosikika zaidi ni la idadi: wanaotumia vitu hivi ni wachache, hatuwaoni barabarani. Hoja hii inajizunguka, kwani mji usiopitika ndio unaowaficha. Tena idadi yenyewe inategemea swali. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilipata asilimia 2.2 ya watu wa miaka 5 na kuendelea, ikihesabu wale wenye shida kubwa ya kuona, kusikia, kutembea na mengineyo. Shirika la Afya Duniani, kwa njia tofauti ya kukadiria, linataja watu bilioni 1.3, asilimia 16 ya dunia. Tofauti hiyo haimaanishi kwamba mmoja anadanganya. Mstari umechorwa mahali tofauti. Mpakani kati ya Goma ya Kongo na Gisenyi ya Rwanda, ambako wafanyabiashara wenye ulemavu huvusha mizigo kwa baiskeli zao za magurudumu matatu, hakuna anayeuliza wako wapi. Penye njia na riziki, wanaonekana.

Pingamizi la gharama lina uzito zaidi, lakini kwa majengo ya zamani. Jengo ambalo bado liko kwenye karatasi hubadilishwa kwa kalamu. Lililosimama hubadilishwa kwa nyundo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka mitano ya kuyarekebisha, na anayetembea katikati ya Nairobi leo anaweza kujihukumia mwenyewe kama ahadi hiyo ilitimia. Gumu kuliko yote ni suala la machinga. Meza ya mchuuzi juu ya njia ya watembeaji ni kikwazo kwa fimbo nyeupe, nayo pia ni chakula cha watoto, na baadhi ya wachuuzi hao wana ulemavu. Kumfukuza kila mtu ni kuhamisha tatizo tu. Kinachodaiwa ni upana: kiti cha magurudumu kinapita vizuri kwenye mita moja na nusu iliyo wazi, na barabara nyingi zinaweza kutoa upana huo pamoja na meza, iwapo mstari utachorwa na magari yataondolewa kwanza. Ajabu ni kwamba gari lililoegeshwa juu ya njia hubughudhiwa mara chache kuliko meza ya nyanya.

Kinachofuata kutoka kwenye hesabu ile ya hatua kumi ni utaratibu tofauti wa kupanga. Halmashauri ichague safari chache zenye uzito: mtaa hadi hospitali ya rufaa, mtaa hadi soko kuu, mtaa hadi shule yenye wanafunzi wasioona. Watu wenye ulemavu walipwe kuzipima wakiwa na futi kamba na simu, ambazo nyingi siku hizi hupima mwinamo, wakati wa kiangazi na tena wakati wa masika. Kila hatua ipewe alama, na bajeti ianzie kwenye alama ya chini kuliko zote katika kila safari. Ikiwa hapo ni kifuniko cha mtaro kilichoibiwa, kinunuliwe hicho kabla ya lifti ya ghorofa ya tatu.