Nusukaputi na Moyo Mchovu
Anayepasuliwa mshipa ulioziba mguuni huhofia mguu. Daktari wa usingizi huhofia moyo. Mafuta yaliyoziba mshipa wa mguu mara nyingi yamebana pia mishipa ya moyo, hasa kwa mvuta sigara na mwenye kisukari. Nusukaputi hushusha presha ya damu. Moyo uliokwisha kubanwa hukosa damu, na huweza kusimama katikati ya upasuaji.

Basi ukiulizwa kama wapanda ngazi bila kuhema, usione haya, sema kweli. Taja maumivu ya kifua, sigara na dawa zote, hata za mitishamba. Dawa za presha usiziache kwa uamuzi wako: ziko ambazo zikikatwa ghafla, moyo huenda mbio. Na anayehitaji Mpako wa Wagonjwa amwite padre mapema, angali macho.