Paka na Mchanga Wake

Bisie ni mlima katika msitu wa Walikale, Kivu ya Kaskazini. Tangu mwaka 2002 watu wengi walikwenda huko kuchimba mawe ya bati. Siku zile wapagazi walileta chakula migongoni, kwa njia ya msituni. Mahali kama hapo panya ni mwizi mbaya: anatoboa gunia na kuharibu unga. Basi paka ni mlinzi wa chakula. Nyumba nyingine zinamwekea kasha la mchanga au majivu, awe na choo chake.

Lakini paka anakula panya mbichi. Pengine ndani ya nyama ile mna mdudu mdogo sana, asiyeonekana kwa macho. Jina lake ni toksoplasma. Charles Nicolle na Louis Manceaux walimgundua kule Tunis mwaka 1908. Paka akiisha kupatwa naye, anatoa mayai ya mdudu huyo katika mavi kwa muda wa juma 1 mpaka 3.

Siku ya kwanza mayai hayo hayana nguvu. Yanakomaa baada ya siku 1 hadi 5, ndipo yanapoweza kumwambukiza mtu. Katika udongo wenye unyevu yanaweza kukaa zaidi ya mwaka. Mtu anayameza kwa mikono michafu, kwa mboga zisizooshwa au kwa maji machafu.

Watu wengi wenye afya hawaoni kitu, au wanapata homa ndogo tu. Hatari kubwa ni kwa mama mwenye mimba. Akipatwa mara ya kwanza wakati huo, mdudu aweza kumfikia mtoto tumboni na kumharibu macho au ubongo. Wagonjwa wenye ukimwi nao wamo hatarini.

Basi, ifanyweje? Mama mwenye mimba asiguse kasha la paka. Mwingine wa nyumbani amsaidie. Mavi yaondolewe kila siku, kabla mayai hayajakomaa, kwa kibao au jembe dogo, si kwa mikono. Yatupwe katika choo cha shimo, au yafukiwe mbali na chemchemi na bustani. Kasha limwagiwe maji yanayochemka. Kisha mikono ioshwe kwa sabuni, na chini ya kucha pia.

Paka asifukuzwe. Yeye anafanya kazi yake usiku. Watu wafanye yao asubuhi.

Maulizo
1. Kwa nini mavi ya paka yaondolewe kila siku?
2. Nani asiguse kasha la paka? Kwa sababu gani?