Mashirika ya haki: fedha ni za nani, na wakubwa ni kina nani?

Siku hizi shirika la haki za binadamu likifungua mdomo tu, mtaani huulizwa: hawa wanalipwa na nani? Nimelisikia swali hilo hapa Mombasa, na juzi nimelisikia Kianda, kile kijiji cha Kibera kilicho upande wa Ayany. Ni swali la haki. Ila jawabu lake si siri, na wakubwa wanaoliuliza kwa kelele wanalijua vizuri.

Tuanze na Kibera yenyewe. Mwaka 2019, Nubian Rights Forum, shirika la Wanubi lililoko Kibera, lilikuwa miongoni mwa walioishtaki serikali kuhusu Huduma Namba. Hukumu ilitoka Januari 30, 2020: mahakama ilikataza kuchukuliwa DNA na ikataka iwepo sheria kamili kabla ya mpango kuendelea. Shirika hilo limefanya kazi na Namati, lenye asili ya Marekani. Kabla ya hapo, kesi ya watoto wa Kinubi iliyoamuliwa Machi 2011 na kamati ya Afrika ya haki za mtoto iliendeshwa na IHRDA ya Banjul pamoja na Open Society Justice Initiative, tawi la mtandao wa George Soros.

Kwa hiyo mkono wa nje upo, sikatai. Lakini aliyekuwa akipigwa msasa apate kitambulisho ni Mnubi wa Kibera, sawa na kijana wetu wa Pwani anayeambiwa alete cheti cha babu yake. Kilio hicho hakikuletwa na mfadhili.

Sasa njoo kwenye uongozi, maana hapa ndipo penye utamu. Kenya Human Rights Commission (licha ya jina, ni shirika la kiraia, si tume ya serikali) ilianzishwa 1992, na kati ya waasisi wake ni Makau Mutua, Maina Kiai, Willy Mutunga na Kiraitu Murungi. Tazama walikofika. Kiraitu alikuwa waziri wa sheria. Kiai aliongoza tume ya serikali ya haki za binadamu. Mutunga aliliongoza shirika hilo, akaenda ofisi ya Ford Foundation Nairobi, yaani upande wa wanaotoa fedha, kisha mwaka 2011 akawa Jaji Mkuu. Huku kwetu, Hussein Khalid alikuwa mkurugenzi wa MUHURI kabla ya kuongoza Haki Africa.

Ni duara dogo la watu wanaojuana. Baya? Si lazima, wenye ujuzi huo walikuwa wachache. Lakini duara likiwa dogo, nani atamuuliza mwenzake maswali magumu?

Serikali nayo hulijua duara hili kwa sababu imo ndani yake. Julai 2024, wakati wa maandamano ya vijana, Katibu wa Mambo ya Nje Korir Sing'oei aliiandikia Ford Foundation akitaka maelezo ya fedha ilizoyapa mashirika 16. Ford ilikana kufadhili maandamano. Sing'oei huyo ni mmoja wa waasisi wa CEMIRIDE, shirika la kutetea haki za jamii ndogo. Na Aprili 2015, MUHURI na Haki Africa ziliwekwa kwenye orodha ya wanaoshukiwa kuhusiana na al-Shabaab, akaunti zikafungwa hadi mahakama ya Mombasa ilipoamuru zifunguliwe Novemba. Tuhuma za fedha ni rungu jepesi kulishika.

Kinachonikera mimi ni kingine. Mkurugenzi humwandikia mfadhili ripoti baada ya ripoti, hadi risiti ya chai. Mama wa Kianda aliyetoa ushahidi wake haonyeshwi hata bajeti. Mradi ukiisha, ofisi inafungwa, naye bado hana kitambulisho. Marekani ilipokata misaada mwaka 2025, wengi walijua shirika lao lilikuwa likiishi kwa nini siku lilipofunga mlango.

Njia ya kujua ipo. Ford huweka mtandaoni ruzuku zake: jina la shirika, kiasi, mwaka. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 14, 2024, inayataka mashirika kuwasilisha ripoti na hesabu kila mwaka. Shirika likija mtaani kwenu kuitisha mkutano, ombeni nakala, na muulize nani katika bodi anaishi hapo.