Siku Zilizomo Ghalani

Akiba ya chakula ya kaya ni kiasi cha chakula ambacho watu wanaokula chungu kimoja hukitenga kwa makusudi ili kiwavushe katika kipindi ambacho mavuno, kipato au barabara ya kwenda sokoni itakuwa imekatika, na kwa sababu hiyo ni tofauti na chakula ambacho kwa bahati tu kimebaki jikoni. Katika Afrika Mashariki vipindi vya namna hiyo si vigeni. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022 mvua za misimu mitano mfululizo zilikuwa haba kaskazini na mashariki mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Kisha katika masika ya mwaka 2024 maji yalikuja kwa wingi uliobomoa madaraja na kufunika mashamba nchini Kenya na Tanzania. Kaya inayojiwekea akiba, basi, hujiandaa kwa majanga mawili yanayopingana, la kukosa maji na la kuzidiwa nayo, na chakula kile kile kinatakiwa kistahimili yote mawili.

Mkulima huzoea kutaja akiba yake kwa magunia, ilhali gunia lenyewe halina kipimo kimoja: nchini Kenya gunia la mahindi huhesabiwa kuwa kilo 90, nchini Tanzania huhesabiwa kuwa kilo 100, na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba juu, hupita vipimo vyote viwili. Kipimo kinachofaa zaidi ni siku. Mashirika ya misaada, yanapopanga mgao wa watu waliokumbwa na maafa, hukadiria kwamba mtu mmoja kwa wastani anahitaji kilokalori 2,100 kwa siku, kilokalori ikiwa ni kipimo cha nguvu ambayo mwili huipata kutoka katika chakula. Nguvu hiyo inakaribia kupatikana kwa gramu 450 za nafaka, gramu 60 za maharage au kunde na gramu 25 za mafuta ya kula, pamoja na chumvi yenye madini joto. Kaya ya watu sita inayotaka kujihakikishia siku 90 itahitaji, kwa hesabu hiyo, kilo 243 za nafaka, kilo 32 na ushei za maharage, takriban lita 15 za mafuta na chini kidogo ya kilo tatu za chumvi. Hesabu ikigeuzwa upande wa pili huonyesha jambo ambalo macho hayalioni kwa urahisi, kwamba gunia la kilo 100, pamoja na ukubwa wake pale ukutani, ni siku 37 tu za kaya hiyo, na kwamba wadudu wakila theluthi yake siku zinazobaki hazifiki 25. Mbegu ya msimu ujao haimo katika hesabu hii wala haifai kuingizwa, kwa kuwa kaya inayokula mbegu yake huwa imekopa njaa ya mwaka unaofuata.

Sehemu ya siku hizo hupotea hata kabla nafaka haijafika ghalani. Mavuno yanapotoka kwa pamoja sokoni bei hushuka, na kaya inayodaiwa ada ya shule, mkopo wa mbolea au gharama za matibabu huuza wakati huo huo, kisha miezi michache baadaye, mashamba yakiwa bado mabichi na bei ikiwa imepanda, hurudi sokoni kununua mahindi yanayofanana na yale iliyoyauza. Kumlaumu mkulima kwa hilo, kama inavyofanywa mara nyingi katika mikutano ya hadhara, ni kutotazama deni lililomsukuma. Lakini kaya iliyokwisha kuhesabu siku zake kabla ya mnunuzi kugonga mlango angalau inajua ni gunia gani linalouzika na ni lipi halipaswi kuguswa, na inaweza kuamua mapema kama kuku au mbuzi ndiye alipe deni badala ya mahindi. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao Tanzania iliuwekea sheria mwaka 2005 na ambao humwezesha mkulima kuweka mazao katika ghala lililosajiliwa akapewa hati anayoweza kuiweka dhamana ya mkopo, husaidia katika upande wa bei, ingawa gunia lililo katika ghala la mbali si chakula cha dharura siku ambayo daraja limekwenda na maji.

Kwa nafaka inayobaki nyumbani, jambo linaloamua kila kitu ni unyevu, yaani kiasi cha maji kilichobaki ndani ya punje yenyewe. Mahindi yaliyokomaa hutoka shambani yakiwa bado na unyevu mwingi, mara nyingi unaozidi asilimia 18, ilhali kiwango cha kuhifadhi kwa usalama ni asilimia 13.5 au chini ya hapo. Tofauti hiyo haionekani kwa jicho, na kuuma punje kwa meno, njia ambayo wazee wengi wanaitegemea, humfaa mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi tu. Ipo njia nyepesi isiyohitaji kifaa cha kununua: chupa kavu ya kioo yenye mfuniko hujazwa mahindi hadi karibu theluthi moja, huongezwa vijiko vichache vya chumvi iliyokaushwa vizuri juani, hutikiswa kwa dakika moja au zaidi, kisha huachwa itulie kwa robo saa. Chumvi ina tabia ya kuvuta maji, hivyo ikinata kwenye kuta za chupa ni dalili kwamba unyevu umepita asilimia 15, na ikidondoka yote chini bila kunata, unyevu uko chini ya kiwango hicho. Kwa kuwa kati ya 15 na 13.5 bado pana pengo ambalo chupa haiwezi kulionyesha, busara ni kuyaanika mahindi siku moja au mbili zaidi hata baada ya chumvi kuacha kunata, juu ya turubai au jamvi na kamwe si juu ya udongo mtupu, ambao hurudisha unyevu na kuleta vimelea vya kuvu.

Kuvu ndiyo sababu ya msisitizo huo. Aina fulani za kuvu, hasa ile iitwayo Aspergillus flavus, hutoa sumu inayojulikana kama sumukuvu, ambayo haina rangi wala harufu ya kumwonya mlaji, haimalizwi na moto wa kupikia, na ambayo ikiliwa kwa wingi huharibu ini kwa siku chache, na ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya ini. Mwaka 2004 watu 317 waliugua katika maeneo ya mashariki mwa Kenya, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui, na 125 kati yao walifariki. Uchunguzi uliofuata ulihusisha ugonjwa huo na mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu, na hasa yale yaliyohifadhiwa ndani ya nyumba za kuishi. Mwaka 2016 sumu hiyo hiyo iliwapata watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania na kuua 20. Mahindi yaliyowaua watu hawa hayakuwa makombo, bali chakula cha kaya zilizoona kuwa zinacho. Njaa ilipokaribia, mwenye mahindi alikuwa na kila sababu ya kuyavuna mapema na kuyafungia karibu na kitanda chake ili yasiibwe, na haraka hiyo hiyo ndiyo iliyoipa kuvu nafasi.

Nafaka ikishakauka, hatari inayofuata ni wadudu, na hapa historia imebadilisha mambo kwa namna ambayo mila za uhifadhi hazikuitarajia. Katika nyumba nyingi za pwani na bara mahindi yaliwekwa yakiwa kwenye magunzi, ama katika kihenge cha fito kilichokandikwa udongo, ama juu ya uchaga uliojengwa juu ya meko, ambako moshi uliyakausha na kumfukuza fukusi, yule mdudu mdogo mwenye mdomo mrefu. Utaratibu huo ulitosha hadi dumuzi alipoingia. Mdudu huyu, ambaye asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, aligunduliwa katika eneo la Tabora nchini Tanzania mnamo miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980, akasambaa kutoka huko hadi nchi jirani, na ukali wake ni wa namna ambayo baadhi ya wakulima wa Kenya walimbandika jina la Osama. Dumuzi hupenda mahindi yaliyo kwenye magunzi kuliko yaliyopukuchuliwa, hutoboa makopa ya muhogo, na anaweza kuishi ndani ya mti mkavu, kwa maana kwamba fito za kihenge cha zamani zinaweza kuwa makao yake akingoja mavuno mapya. Ndiyo maana wataalamu husisitiza mahindi yapukuchuliwe kabla ya kuhifadhiwa na kihenge kisafishwe chote, pamoja na mabaki ya mwaka uliopita yaliyojificha pembeni.

Dawa za unga zinazochanganywa na nafaka kwa kawaida huwa na viuatilifu viwili, kwa kuwa kimoja humuua fukusi na kingine dumuzi, nazo hufanya kazi endapo kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti kitafuatwa. Vidonge vya fosfini ni jambo jingine kabisa: hutoa gesi inayoua wadudu na watu bila kubagua, na havistahili kufunguliwa katika nyumba ambamo mtu yeyote analala. Kinyume chake, mfuko usiopitisha hewa hauhitaji dawa yoyote. Mfuko huo huwa na matabaka mawili ya plastiki nzito ndani ya gunia la kawaida, na ulibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani waliokuwa wakishughulikia kunde za wakulima wa Cameroon katika miaka ya 1980. Wadudu waliofungiwa ndani huvuta oksijeni iliyopo hadi inapungua, wakaacha kula, na kwa kuwa bila oksijeni miili yao haiwezi kutengeneza maji yanayowaweka hai, hufa kwa kukauka. Ili hilo litokee mfuko hauna budi kujazwa hadi juu, hewa isukumwe nje, kila tabaka lifungwe peke yake kwa kupindwa na kukazwa kwa kamba, na mfuko usiguswe kwa wiki kadhaa. Unaofunguliwa kila asubuhi kwa ajili ya uji wa watoto ni mfuko wa kawaida uliouzwa kwa bei ya juu. Pipa la plastiki lenye mfuniko unaobana hufanya kazi hiyo hiyo, mradi halikuwahi kubeba kemikali.

Mahindi yamezungumziwa kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayoliwa zaidi na kuharibika zaidi, lakini akiba ya nafaka moja ni dhaifu. Punje za ulezi ni ndogo mno kiasi kwamba wadudu wa ghala hawazisumbui sana, hivyo ukikaushwa vizuri hudumu kwa miaka. Wasukuma hukausha viazi vitamu wakapata michembe, ambayo ni vipande vilivyoanikwa vibichi, na matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza. Majani ya kunde yaliyochemshwa na kuanikwa, pamoja na dagaa, hujaza pengo la vitamini na protini ambalo ugali peke yake hauwezi kulijaza. Muhogo una faida ya kukaa ardhini ukingoja, na utawala wa kikoloni wa Tanganyika uliwalazimisha wakulima kuupanda kwa ajili hiyo, ila aina zake chungu zina viini vya sianidi vinavyoondolewa kwa kulowekwa, kuchachushwa na kuanikwa kwa siku kadhaa. Katika ukame wa miaka ya 1980 watu wa Tarime nchini Tanzania walipofupisha siku hizo kwa sababu ya njaa, baadhi yao walipata konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona.

Kwa kaya ya mjini inayonunua unga kwa kilo moja moja, siku 90 ni lengo la mbali, na siku 14 zilizojengwa kwa kuongeza kilo moja au mbili kila wiki ni mwanzo mzuri. Dona, kwa kuwa husagwa pamoja na kiini chenye mafuta, huchacha mapema kuliko sembe, hivyo anayependa dona afadhali aweke mahindi mazima na kusaga kidogo kidogo. Maharage makavu, yasipolowekwa usiku kucha, humaliza mkaa au gesi ya siku nzima. Choroko na dengu huiva haraka zaidi, na katika siku za mafuriko, wakati mkaa umelowa na mtungi wa gesi haubadilishiki, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama chakula kilichopo kitaliwa. Maji ya kunywa na kupikia huhesabiwa pamoja na chakula, kwa kuwa unga bila maji salama hauliki, na madumu yake huwekwa mahali pa juu penye kivuli. Kila kilichonunuliwa huandikwa tarehe kwa kalamu ya wino mzito, kipya huwekwa nyuma na cha zamani mbele, na cha mbele hupikwa wiki hii hii, hata kama hakuna dharura yoyote.