Mizizi Inakunywa Wapi? Shauri kwa Wenye Mashamba

Ninyi wenye mashamba munajua jambo hili. Mvua inaanza vizuri mwezi wa 11. Mahindi yanaota na kupendeza macho. Kisha, mwezi wa 1 ao wa 2, mvua inasimama majuma mawili na jua linawaka. Majani yanajikunja. Kama mahindi yanatoa ndevu wakati ule ule, magunzi yanabaki na punje chache. Mwaka ule mlimaji anakwenda kununua bunga kwa bei ya watu wa migodi, hata kama yeye ndiye angepaswa kuwauzia.

Lakini mara nyingine shamba la jirani, ngambo ya njia, limezaa. Mvua ni moja, jua ni moja. Tofauti ni nini? Mutafute jibu chini ya udongo.

1. Mvua haitoshi?

Katika inchi ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, mvua ya mwaka mmoja inapita milimeta 1.000. Milimeta 1 ya mvua ni lita 1 ya maji juu ya kila meta 1 ya mraba. Basi kila meta ya shamba inapata zaidi ya lita 1.000. Ni maji mengi. Lakini mengine yanateremka mtoni, mengine yanakauka kwa jua, mengine yanazama pahali mizizi haifiki.

2. Udongo ni kama mtungi

Tufanye hesabu. Tuseme udongo wa shamba, katika kila sentimeta 10 za kwenda chini, unaweza kuweka lita 10 za maji ya kunywewa na mimea katika meta moja ya mraba. (Mchanga unaweka pungufu ya hapo, udongo mzito unaweka zaidi.) Mahindi yaliyokomaa, siku ya jua kali, yanakunywa karibu lita 5 katika meta ile.

Mizizi ikishuka sentimeta 30 tu, mtungi wake una lita 30: ni maji ya siku 6. Ikishuka sentimeta 90, mtungi una lita 90: ni maji ya siku 18. Munaona sasa. Mvua ikisimama majuma mawili, shamba la kwanza linakauka, la pili linangoja.

3. Sababu gani mizizi haishuki?

Chimbeni shimo karibu na mmea mmoja, lenye kina cha mkono mzima. Mwagieni maji polepole ukutani mwa shimo, udongo uanguke na mizizi ionekane. Mukiona mizizi imeshuka kidogo, kisha imepinda pembeni kama kiwiko cha mkono, mujue imekuta udongo mgumu. Jembe likilima kila mwaka kwa kina kile kile, na watu wakikanyaga udongo mbichi, pale chini panakuwa pagumu. Maji hayapiti vizuri, na mzizi haupiti.

4. Mafundisho ya dengu

Katika inchi ya Uhindi, na huko Shinyanga katika Tanzania, watu wanalima dengu katika udongo mweusi mzito. Wengi hawapandi mvua inapoanza, wanapanda inapokaribia kwisha. Mmea unaishi kwa maji yaliyobaki chini. Mzizi wake mkuu unashuka kufuata maji jinsi udongo wa juu unavyokauka.

Lakini mzizi mrefu peke yake hautoshi. Kama mmea unamaliza maji yote kwa kukuza majani, punje zitakosa maji ya kujaa. Ni kama nyumba inayokula akiba yote kabla ya mavuno. Ndiyo sababu kupanda kwa kusongamana sana ni hatari: mimea mingi inamaliza mtungi mapema.

Ninyi pia munajua kazi hii, mukipanda maharagwe katika mabonde yenye unyevu wakati wa kiangazi.

5. Basi mufanye hivi

Kwanza: mahali udongo ni mgumu, muupasue zaidi ya kina cha kila mwaka, kabla haujalowa sana.

Pili: mupande mapema, mvua ya kweli ikiisha kulowesha udongo, ili mizizi iwe chini kabla ya jua la katikati.

Tatu: mupalie mapema. Majani mabaya yanakunywa katika mtungi ule ule.

Nne: musichome majani makavu. Muyatandaze katikati ya mistari, yafunike udongo na kuzuia maji yasikauke.

Tano: shamba likiwa mtelemkoni, mupige matuta ya kukinga mtelemko, maji yakae.

Sita: musitegemee mahindi peke yake. Kunde zina mzizi mkuu unaoshuka, na aina nyingine zinakomaa upesi. Mihogo inaweza kushusha mizizi hata meta 2. Jua likizidi inaangusha majani na kungoja mvua, kisha inachipua tena. Mahindi hayawezi kungoja hivyo wakati wa kutoa ndevu.

Mwaka huu mujaribu katika kipande kidogo kwanza. Pembeni muache kipande kingine mukilime kama zamani. Mvua ikisimama, muangalie majani ya pande mbili asubuhi na mchana. Siku ya mavuno mupime vikapu vya kila upande, ndipo muchague namna ya kulima shamba zima.