Hesabu ya Mfugaji Mbele ya Ukame

Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kwamba hasara humuuma mtu zaidi ya vile faida ya kiasi hichohicho inavyomfurahisha, na tabia hiyo, inayoweza kuitwa hofu ya hasara, imetumiwa mara nyingi, na kwa haraka mno, kueleza kwa nini watu wa kipato kidogo hukataa mbinu mpya zenye manufaa, kana kwamba kinachowazuia ni woga tu.

Wafugaji wa kaskazini mwa Kenya wanatoa picha tofauti. Januari 2010, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo na washirika wake walianzisha huko Marsabit bima ambayo fidia yake haikutegemea kuhesabu mizoga, kazi iliyo ghali katika eneo pana la watu wanaohamahama, bali ilitegemea setilaiti zilizopima ukijani wa malisho. Kutokana na kipimo hicho vifo vya mifugo vya eneo zima vilikadiriwa, na makadirio yalipovuka asilimia 15, kila aliyekata bima alistahili kulipwa, hata yule ambaye mifugo yake ilipona.

Ugumu unaanzia hapohapo, kwa sababu mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa maradhi, au ambaye mvua iliyonyesha kwa majirani haikufika kwake, anaweza kukosa ng'ombe na ada ya bima kwa pamoja, na kwa kaya yenye ng'ombe wachache hali hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na bima kabisa. Kusita kwake, basi, ni hesabu sahihi.

Tena mfugaji huyo hakuwa akiishi bila kinga. Wagabra na Warendille hufuga ngamia pamoja na mbuzi na kondoo, kwa kuwa ngamia hula majani ya miti na hustahimili kiu hata nyasi zinapokauka; makundi hugawanywa katika kambi za mbali ili balaa moja lisiyamalize yote; na miongoni mwa Waborana upo utaratibu uitwao busa gonofa, ambao kwao ukoo humchangia mifugo aliyefilisika. Mbuzi anayetolewa mwaka wa neema, na kijana anayepelekwa kambini badala ya kubaki nyumbani, ni gharama halisi ya kujikinga, ingawa hakuna anayeiandikia risiti.

Kinga hizo, hata hivyo, hulegea pale ukame unapowapiga wote kwa wakati mmoja, kwa kuwa ukoo mzima ukifilisika hakuna wa kumchangia mwenziwe. Hapo ndipo bima ya setilaiti ina nafasi yake, kama ilivyodhihirika wenye bima wa Marsabit walipolipwa fidia baada ya ukame wa mwaka 2011. Wanaoiuza wanapaswa kuipeleka kama nyongeza ya busa gonofa, si mbadala wake, na kumweleza mfugaji waziwazi, kabla ya kupokea fedha zake, kwamba mifugo yake inaweza kufa na asilipwe chochote.